Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka: kabla hujanunua pawa saplai nyingine

Mama mmoja mwenye steshenari huku Makole, Dodoma, alinifikia asubuhi akiwa amepakata sipiyu kwenye bodaboda, na juu yake mfuko wenye pawa saplai mpya, lile boksi la bati linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta. "Fundi, hii ya zamani imekufa. Nifungie hii niwahi, nimeacha watu kwenye foleni ya kuchapa." Nikamwambia, "Mama, nipe dakika tano tu." Niliichomeka sipiyu yake kwa waya wangu, nikabonyeza, ikawaka. Kilichokufa kilikuwa fyuzi ndani ya plagi ya waya aliouacha dukani. Pawa saplai alirudi nayo, na aliyemuuzia akakataa kuipokea.

Kisa cha namna hii nimekiona mara nyingi mno. Pawa saplai ndiyo hulaumiwa kwanza, na kwenye mashine zilizovuka miaka kumi mara nyingi kweli ndiyo yenye kosa. Ila dalili peke yake haitoshi. Mashine iliyo kimya kabisa inaweza kuwa na pawa saplai nzima, na mashine ambayo feni zake zote zinazunguka inaweza kuwa na pawa saplai mbovu. Nusu saa ya kupima itakuambia ukweli, na vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ya nyota, mita ya kidijitali, tochi, brashi laini ya rangi, klipu ya karatasi, na waya mwingine wa umeme unaojua ni mzima. (Kasha lote watu wanaliita sipiyu. Hapa nitaliita kasha, maana prosesa, yaani sipiyu yenyewe iliyo ndani, nayo nitaitaja.)

Jambo moja kabla ya yote. Boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue kama hukufundishwa kulifungua. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukiingia mle hugeuzwa kuwa volti zipatazo 325 na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa (vile vikopo vinavyotunza chaji), na kapasita hizo zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Vipimo vyote nitakavyoeleza vinafanyika nje ya boksi, upande wa volti ndogo.

"Fundi, imezima kimya"

Hakuna feni, hakuna taa, hakuna mlio. Anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Ekstensheni za bei ndogo huchoka bati za ndani, plagi ikawa inagusa nusunusu, kwa hiyo chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani walau kwa jaribio hili. Kama katikati kuna UPS (boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika), iondoe kwanza, maana UPS nyingi betri ikifa hukataa kupitisha umeme kabisa na lawama huiangukia kompyuta.

Kisha plagi. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na kompyuta ya mezani inatosheka na fyuzi ya ampea 5. Ikikutwa imekatika, weka nyingine ya ukubwa uleule. Ikikatika tena papo hapo, hapo umepata habari ya maana: kuna shoti upande wa umeme mkubwa, na karibu kila mara iko ndani ya pawa saplai. Usizungushie karatasi ya sigara wala unyuzi wa waya ili "ishike". Nimeona ukuta uliobabuka kwa ajili hiyo.

Waya wa kompyuta kwa kawaida ni sawa na ule wa monita, basi badilishana nao. Tazama pia swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai: upande wa mstari ni kuwasha, upande wa duara ni kuzima. Anayefagia akisogeza meza huigusa bila kujua.

Kama bado iko kimya, fungua ubavu wa kasha. Mazabodi nyingi (ile bodi kuu inayounganisha kila kifaa) zina taa ndogo inayowaka muda wote waya ukiwa umechomekwa. Ikiwaka, pawa saplai inatoa angalau ule umeme wa kusubiri, na shaka ihamie kwenye kitufe cha kuwashia. Vitufe vya hapa Dodoma hujaa vumbi mpaka vikagoma kugusana. Vuta kiunganishi cha kitufe pale kwenye mazabodi, kisha gusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Kompyuta ikiwaka, umebakiwa na kazi ya kusafisha kitufe tu.

Na kama umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi, subiri dakika chache, ndipo uchomeke tena. Pawa saplai ina ulinzi unaojifunga ukistuliwa, na haufunguki mpaka umeme uondolewe kabisa. Wapo walionunua nyingine kwa kutojua hili.

"Inashtuka mara moja halafu inazima"

Feni zinageuka kidogo, zinasimama. Hapa pawa saplai inafanya kazi yake: imehisi mzigo uliozidi au shoti kwenye moja ya njia zake, ikajizima. Swali ni kama shoti iko ndani yake au nje.

Chomoa vyote isipokuwa mazabodi: diski, kisoma sidii, kadi ya picha kama ipo, na waya unaokwenda kwenye matundu ya USB ya mbele. Hayo matundu ya mbele yatazame kwa tochi. Kwenye steshenari ambako flashi za wateja huingizwa na kutolewa kutwa nzima, vibati vya ndani hupinda vikagusana, na mashine nzima ikakataa kuwaka kwa sababu ya tundu moja. Ikiwaka baada ya kuchomoa, rudisha kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa waya kila mara, mpaka umjue mkosaji.

Chungulia pia chini ya mazabodi kama kuna skrubu iliyodondoka, na nyuma ya pawa saplai kama kuna udongo. Nyigu wetu hupenda matundu yale, hujenga kiota cha tope ndani, na tope likiwa bichi linapitisha umeme. Mijusi nao huingia kufuata joto. Kisha angalia kapasita zilizozunguka prosesa. Zile zenye vichwa vilivyovimba au vinavyovuja ute wa kahawia zinaonyesha mazabodi imechoka, na pawa saplai mpya haitaiponya. Mashine zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zina ugonjwa huo zaidi, kwani kipindi kile kapasita mbovu zilisambaa duniani kote kwenye bidhaa za makampuni mengi.

"Asubuhi inagoma, mchana inakubali"

Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, na huku kwetu ina msimu wake. Juni na Julai, baridi ya Dodoma ikikaza usiku, asubuhi nikifungua meza wanaanza kuja. Mtu anabonyeza mara tano, mara sita, kompyuta haiwaki. Anaiacha imechomekwa, anakunywa chai, akirudi inawaka kwa mara ya kwanza na kufanya kazi mpaka jioni bila shida. Wengi huona imepona yenyewe.

Haijapona. Ndani ya kapasita kuna majimaji. Kadiri miaka inavyokwenda, na hasa kwa joto la ndani ya boksi, majimaji hayo hupungua, na yaliyobaki yakipata baridi hupitisha umeme kwa shida zaidi. Ikipoa usiku kucha, pawa saplai haiwezi kusimamisha volti zake kwa uthabiti, na mazabodi inakataa kuanza. Ukiiacha imechomekwa, ile sehemu ya kusubiri hujipasha taratibu, majimaji yanalegea, kazi inaanza. Mwezi ujao itahitaji nusu saa, baadaye saa nzima, na siku moja haitaamka.

Mwenye dalili hii namwambia atoe nakala ya mafaili yake siku hiyohiyo. Pawa saplai inayokufa polepole ina hatari kuliko ile iliyokufa ghafla, kwa kuwa kila asubuhi inaipa diski volti zinazoyumba.

"Inajizima yenyewe katikati ya kazi"

Muulize mwenye mashine inazima lini. Kama ni baada ya dakika ishirini au zaidi, na ukiiacha ipoe inawaka tena, ni joto. Lakini usikimbilie pawa saplai: tazama kwanza feni ya prosesa na lile bati lake lenye mapezi. Vumbi jekundu la upepo wa Agosti na Septemba likishonana mle linakuwa kama blanketi. Safisha kwa brashi, kisha weka kiganja nyuma ya pawa saplai mashine ikiwa inafanya kazi. Ukihisi hewa ya moto kidogo tu, au huhisi hewa kabisa, feni yake imekwama.

Wengi hupeleka kasha gereji wakapulizie kwa upepo wa matairi. Upepo ule una nguvu na huwa na matone ya maji na mafuta kutoka kwenye tangi. Ukilazimika, fungulia kwanza hewani mpaka itoke kavu, simama mbali kidogo, na zuia kila feni kwa kijiti isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi ile mhimili wake unaumia. Baada ya hapo acha kasha wazi juani kidogo kabla ya kulichomeka.

Kama inajizima au kujiwasha upya pale printa ya leza inapoanza kuchapa, kisa ni kingine. Printa ya leza ina hita inayovuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti ya ekstensheni inashuka, taa zinafifia. Pawa saplai nzima inatakiwa kuhimili pengo la takribani milisekunde 17 kwa umeme iliohifadhi kwenye kapasita zake kubwa. Iliyochoka haifiki huko. Ihamishie printa kwenye soketi nyingine: kujizima kukiisha, umepata muda wa kujipanga, ila kapasita zimeshatoa taarifa.

Vijijini mwisho wa laini, kwa mfano ukiwa ndani ndani ya Bahi au Chamwino, jioni umeme huwa mdogo. Pawa saplai za zamani zenye swichi ya kuchagua volti zimeundwa kufanya kazi kuanzia kama volti 180. Chini ya hapo hata mpya ya aina hiyo inaweza kuzima. Kama stebilaiza yako ina kioo cha namba, isome saa mbili usiku kabla ya kutoa hukumu.

"Imelia pa! ikatoa moshi"

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kompyuta za mtumba zilizotumika Marekani hufika zikiwa kwenye 115. Mtu ananunua, anafika nyumbani Nkuhungu kwa furaha, anachomeka kwenye umeme wetu wa 230. Kwenye 115, saketi ya kuingilia huongeza volti maradufu. Ukiipa 230, kapasita zinapokea mara mbili ya kile zilichoundiwa, zinapasuka. Mlio ni mkubwa na moshi una harufu kali. Hapo pawa saplai ndiyo imekufa, na habari njema ni kwamba mara nyingi ilikufa peke yake, mazabodi na diski zikabaki salama.

Mashine yoyote iliyoingia nyumbani leo, angalia swichi hiyo kabla hujaigusa plagi. Kama haina swichi, soma karatasi iliyobandikwa ubavuni: ikiandikwa 100–240, inajirekebisha yenyewe.

Mlio wa namna hii wakati wa masika huweza pia kuwa wa radi. Kuanzia Desemba hadi Aprili, wingu likifunga, chomoa waya wa umeme na wa mtandao. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi.

"Kasha linatekenya mkono"

Mteja anasema akigusa bati la kasha, hasa akiwa pekupeku, anahisi kama sisimizi wanatembea vidoleni. Amebadilisha pawa saplai, bado. Amebadilisha tena, bado.

Kwenye mlango wa umeme wa kila pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele, na zimeunganishwa na bati la kasha kwa makusudi, kwa kutegemea kwamba bati hilo limeunganishwa na ardhi kupitia ile pini ndefu ya plagi. Ardhi ikikosekana, bati linabaki na karibu nusu ya volti ya ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenya tu. Pawa saplai mpya itafanya vilevile, kwa kuwa imeundwa hivyohivyo.

Tatizo liko kwenye nyumba. Labda ekstensheni ni ya pini mbili, labda soketi haikufungwa waya wa ardhi. Na Dodoma tuna jambo letu: nchi yetu ni kame, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Fimbo ya ethi iliyofanya kazi vizuri Machi mvua ikinyesha inaweza kuwa haifai kitu ifikapo Oktoba. Kabla ya kununua chochote, mwite fundi umeme aipime ethi. Fimbo ikizamishwa zaidi mpaka kwenye udongo wenye unyevu, hali inabadilika. Ninalisisitiza hili kwa sababu ethi ni usalama wa watu: siku pawa saplai itakapopiga shoti kweli kwenye bati, ethi ndiyo itakayokata fyuzi. Bila ethi, njia ya umeme ni mwili wa mtu aliyegusa.

Zisizo za pawa saplai

Saa na tarehe kurudi nyuma kila ukizima ni betri ndogo ya mazabodi, CR2032. Mlio wa kurudiarudia bila picha kwa kawaida ni RAM, ile kadi ndogo ya kumbukumbu: ichomoe, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe. Feni kuzunguka bila picha huwa RAM au kadi ya picha zaidi ya pawa saplai, ingawa hapo mita lazima iseme neno la mwisho.

Kupima

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi ya mita ichomeke kwenye tundu la waya mweusi la kiunganishi chochote kilicho huru. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya kiunganishi kikubwa cha mazabodi, kando ya waya, bila kukichomoa. Ufanye taratibu, ncha isiguse waya wa jirani.

Anza na waya wa zambarau, kompyuta ikiwa imechomekwa lakini haijawashwa. Lazima upate volti 5, yaani kati ya 4.75 na 5.25. Huu ndio umeme wa kusubiri. Ukikosa kabisa, chomoa umeme, tenganisha kiunganishi na mazabodi, rudisha umeme, upime tena. Ikibaki sifuri, pawa saplai imekufa na huna haja ya kuendelea.

Zambarau ikiwa nzima, hamia kwenye waya wa kijani. Huu ndio mazabodi inaoutumia kuiambia pawa saplai "amka". Mashine ikiwa imezima, kijani kina volti kadhaa, kwa kawaida zinakaribia 5. Mwenzako abonyeze kitufe huku ukitazama mita. Kijani kikibaki palepale, amri haikufika: kosa ni la kitufe au mazabodi. Kijani kikishuka karibu na sifuri na bado feni hazigeuki, amri imefika, pawa saplai haikuitika, au imeitika ikakutana na shoti. Kipimo hiki kimoja kimeniokolea wateja wengi gharama, na nashangaa jinsi kinavyorukwa.

Ikiwaka, pima nyingine. Njano ni volti 12, ikubalike kati ya 11.40 na 12.60. Nyekundu ni 5, kati ya 4.75 na 5.25. Rangi ya chungwa ni 3.3, kati ya 3.14 na 3.47. Kijivu ni ishara ya pawa saplai kusema "volti zangu zimetulia", na inatakiwa ifike karibu na 5 ndani ya nusu sekunde. Isipofika, feni zitazunguka na prosesa haitaanza kazi, na kioo kitabaki cheusi. Pima tena mashine ikiwa na mzigo: fungua video, nakili mafaili makubwa, tazama njano. Ikiwa 12.1 bila mzigo ikaporomoka hadi 11.2 ikiwa kazini, huyo ndiye.

Kuna jaribio la klipu pia. Zima swichi ya nyuma, chomoa pawa saplai kutoka kwenye kila kitu isipokuwa diski moja ya zamani au kisoma sidii ili ipate mzigo kidogo. Pinda klipu, unganisha tundu la kijani na jeusi lililo jirani yake, ndipo uwashe swichi ya nyuma. Feni ikizunguka na volti zikawa sawa, iko hai. Ila kuwaka kwa klipu hakumaanishi itaweza kubeba mazabodi. Isipowaka kwa klipu, hapo ndipo hukumu ni ya uhakika. Kama nyaya zake zote ni nyeusi, usibahatishe rangi, tafuta mchoro wa pini zake.

Kununua

Kwanza pima boksi. Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150, kimo cha 86 na urefu wa 140 hivi. Kompyuta nyembamba za ofisini, zile tunazozipata kwa wingi kutoka mnadani, hutumia maumbo yao wenyewe. Kisha hesabu pini za kiunganishi kikubwa: 20 au 24 ni za kawaida, na ya 24 kwa kawaida huingia kwenye tundu la 20 kwa kutenga zile nne za pembeni. Dell OptiPlex 7020 na 9020 zina kiunganishi cha pini 8 tu, na ya kawaida haiingii bila kiunganishi cha kati. Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 ni za kuogopwa zaidi: kiunganishi kinaingia vizuri kabisa lakini mpangilio wa nyaya ni tofauti, na ukiwasha unachoma mazabodi. Linganisha rangi, tundu kwa tundu, ya zamani na mpya zikiwa mkononi.

Kuhusu wati, usidanganywe na namba kubwa ya juu. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha inaridhika na wati 300 za kweli. Soma safu ya volti 12: kama boksi limeandikwa 450 lakini njano inatoa ampea 14, zidisha 12 kwa 14, unapata wati 168 za upande huo. Lishike mkononi pia. Lile jepesi kama kopo tupu limepunguzwa vichujio na mabati ya kupozea. Kwangu mimi, ya mtumba nzito iliyotolewa kwenye mashine ya ofisi na ikapita vipimo vya hapo juu ni bora kuliko mpya nyepesi.

Wenye mashine za umri wa Pentium III, au Athlon XP ambazo mazabodi yake haina kile kiunganishi cha pini nne karibu na prosesa, watazame safu ya volti 5 badala ya 12. Prosesa hizo hula kutoka kwenye nyekundu, na pawa saplai za kisasa zimepunguza upande huo. Hakikisha pia kuna viunganishi vya kutosha vya pini nne kubwa kwa diski za zamani.

Kufunga

Piga picha kwa simu kabla hujachomoa kitu. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kumaliza chaji iliyobaki, laza kasha ubavu. Skrubu za nyuma ni nne. Viunganishi vivute kwa kushika plastiki yake huku umebonya kishikizo, usivute nyaya. Cha mazabodi ambacho hakijatoka miaka kumi huwa kigumu: kitikise taratibu huku mkono mwingine ukiishikilia mazabodi isipinde.

Kosa linalorudi mezani kwangu kila mara ni la viunganishi viwili vya pini nne. Kile cha prosesa kina nyaya mbili za njano na mbili nyeusi. Kile kinachotengwa kutoka kwenye kile cha 24 kina njano, chungwa, nyekundu na nyeusi, moja moja. Vinafanana umbo, havibadilishani. Na ukisahau cha prosesa, feni zitazunguka bila picha, utadhani mpya nayo ni mbovu.

Swichi ya volti iwe kwenye 230. Usiunganishe diski kwanza. Washa ukiwa na mazabodi, RAM na monita pekee, pima njano, nyekundu na chungwa. Zikiwa sawa, zima, chomoa, unganisha diski, washa tena. Iache ifanye kazi nusu saa kabla ya kufunga ubavu, kisha weka kiganja nyuma: hewa itoke, iwe ya uvuguvugu.

Mwisho, chukua kipande cha utepe wa karatasi, andika tarehe na volti za njano ulizopata bila mzigo na zikiwa na mzigo, ubandike ndani ya ubavu wa kasha. Juni ijayo, kasha likifunguliwa tena kwa ajili ya kuondoa vumbi, pima na uandike chini yake.